Kitufe cha "Sielewi"

Ukipanda matatu ya Turbo kutoka Eldoret, mashamba ya mahindi yanakufuata pande zote mbili za barabara mpaka unachoka kuyatazama. Sugoi iko upande huo, ndani kidogo. Wakenya wengi wanaijua kwa sababu ni nyumbani kwa Rais William Ruto. Mimi nataka kuizungumzia kwa jambo dogo zaidi, nalo ni swali. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaingia kwa boma, anasalimia, anapewa kiti na kikombe cha chai, kisha anatoa simu aliyopewa kwa kazi na kuanza kusoma yaliyoandikwa kwenye skrini. Choo kipo? Mtoto amemaliza chanjo? Kuna anayekohoa? Hayo yanajibiwa upesi. Sasa tuseme swali linalofuata ni hili: kuna kitu unachokiogopa hadi unakikwepa?

Hapo kikombe kinashushwa. Mwenye boma anacheka. "Niogope nini mimi?"

Kicheko hicho si cha dharau. Anayeuliza ni jirani. Anajua una ng'ombe wangapi, mnakutana kanisani, na wake zenu wako kwa chama kimoja. Utamwambiaje kwamba hujavuka daraja fulani miaka mitatu, au kwamba ukiingia kwa duka lenye watu wengi moyo unakwenda mbio mpaka unashika ukuta? Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walikuwa wanamsifu mwoga kwa kubaki hai. Lakini siku hizi kicheko kimebadilisha upande. Mwoga ndiye anayechekwa, na ukisema unataka kumwona daktari wa akili, kuna mtu atauliza kama umetoroka Mathari.

Ndiyo maana historia ya kompyuta na wagonjwa wa fobia inatuhusu, hata kama ilianza mbali sana na hapa. Kwa karibu miaka 60 watu wamekuwa wakijaribu kujua kama mashine inaweza kumuuliza mtu kuhusu woga wake na ikapata jibu ambalo binadamu hapati. Jibu la historia hiyo ni ndiyo, inaweza. Ila ina masharti mawili, na njiani kutoka Marekani hadi barabara ya Turbo masharti hayo yaliachwa nyuma.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kila mtu anaogopa. Fobia ni woga uliozidi hatari yenyewe, unaodumu miezi na miaka, na unaomfanya mtu apange maisha yake kwa kukwepa. Asiyependa nyoka hana fobia. Aliyeacha kulima shamba lake kwa sababu huenda siku moja nyoka akapita, huyo tunaweza kumzungumzia. Kiswahili kililijua jambo hili kabla ya vitabu: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndani ya methali hiyo mna nadharia nzima. Kuna tukio, kuna kinachofanana nalo, na kuna mwili unaoshtuka kabla akili haijauliza kama ule ni unyasi tu.

Waliotengeneza vipimo vya woga huu walikuwa, cha ajabu, watoto wa Afrika. Joseph Wolpe alizaliwa Johannesburg mwaka 1915. Mwaka 1958 alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kumzoesha mtu woga wake hatua kwa hatua, akiwa ametulia, na mwaka 1964 yeye na Peter Lang wakatoa orodha ya vitu vinavyoogopwa ili mgonjwa aweke alama kwa kila kimoja. Isaac Marks alizaliwa Cape Town mwaka 1935, akahamia London, na mwaka 1979 akiwa na Andrew Mathews akatoa karatasi fupi ya maswali inayotumiwa hadi leo. Unapewa orodha ya mambo: sindano, damu, kusafiri peke yako kwa basi, kuingia kwa maduka yaliyojaa watu, kwenda mbali na nyumbani bila mwenzako. Kwa kila jambo unajipa namba kuanzia 0 hadi 8 kuonyesha unalikwepa kiasi gani.

Wanaume hao wawili walizaliwa bara hili, lakini Mwafrika hakuwa ndiye waliyemfikiria walipoandika maswali. Huku kwetu, wakati huo, alikuwepo mtu aliyedai kwamba hakukuwa na haja ya kuuliza. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kama mahali pa kufungia wenye wazimu. J. C. Carothers aliiongoza kuanzia mwaka 1938, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo aliufananisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akadai kwamba magonjwa kama unyong'onyevu wa moyo ni nadra kwetu. Hesabu zake zilitoka kwa waliofikishwa hospitalini. Lakini ni nani aliyefikishwa Mathari enzi hizo? Ni aliyevua nguo sokoni, aliyempiga mtu, aliyewashinda jamaa na chifu. Mama aliyekaa nyumbani kimya kwa sababu anaogopa kuvuka mto hakupelekwa na mtu yeyote. Hakuhesabiwa, na kutohesabiwa kwake kukageuzwa kuwa ushahidi kwamba hayupo.

Sasa twende Marekani. Katika miaka ya 1960, kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, daktari kijana aitwaye Warner Slack aliichukua kompyuta iliyoitwa LINC na kuifundisha kumhoji mgonjwa. Ripoti yake ilitoka mwaka 1966. Mgonjwa aliketi mbele ya skrini, akasoma swali, akabonyeza jibu. Maswali ya kwanza yalihusu mzio, si woga. Lakini kuna jambo moja ndani ya mpango wa Slack ambalo mimi naliona kubwa kuliko mashine yenyewe. Mgonjwa hakupewa "ndiyo" na "hapana" peke yake. Alipewa pia "sijui", na alipewa "sielewi".

Hebu fikiria jambo hilo kidogo. Ni mara ngapi umekaa mbele ya daktari ukaulizwa swali ambalo hukulielewa, ukatikisa kichwa tu kwa sababu foleni ni ndefu na yeye ana haraka? Slack aliamini kwamba mgonjwa ni hazina ambayo matabibu hawaitumii. Kitufe hicho kilimpa mgonjwa ruhusa ya kusema kwamba kosa liko kwa swali.

Kilichofuata kiliwashangaza madaktari. Mwaka 1973 John Greist na wenzake, hukohuko Wisconsin, walichapisha matokeo ya kompyuta iliyowahoji watu waliokuwa na mawazo ya kujiua. Wengi walisema ni afadhali kuiambia mashine kuliko kumwambia daktari. Mwaka 1977 kundi moja la Glasgow, Scotland, lilionyesha kwamba wanywaji waliitajia kompyuta pombe nyingi zaidi kuliko waliyowatajia madaktari wa akili. Kisha mwaka 1983, katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza, A. C. Carr na A. Ghosh wakaandika kuhusu wagonjwa wa fobia wenyewe na jinsi walivyopokea kuhojiwa na kompyuta moja kwa moja. Wagonjwa hao, ambao ugonjwa wao ni kukwepa, hawakuikwepa mashine.

Ukikaa na matokeo haya unaona yana mantiki. Mtu mwenye fobia anajua kwamba woga wake haueleweki. Anajua daraja halitaanguka. Anachoogopa zaidi ya daraja ni uso wa anayemsikiliza, yaani ile sekunde moja kabla mtu hajaficha tabasamu. Mashine haina uso. Haichoki ukifikiri dakika tano, haisemi "ati nini?", haitakutana nawe sokoni Jumamosi. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunaambiwa, lakini methali haisemi afichue kwa nani.

Mwaka 1988 Ghosh, Marks na Carr walikwenda hatua moja mbele. Waliwagawa wagonjwa wa fobia makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa na daktari jinsi ya kuukabili woga wake kidogo kidogo, la pili lilifundishwa na kompyuta, na la tatu likapewa kitabu. Wote walipata nafuu, na hakuna kundi lililoyashinda mengine kwa maana. Kutoka kazi ya namna hiyo ndipo ilipozaliwa programu ya FearFighter, ambayo mwaka 2006 taasisi ya NICE ya Uingereza iliipendekeza kwa watu wenye fobia na hofu za ghafla.

Mwaka huohuo wa 2006, Eldoret nayo ilikuwa na habari yake ya kompyuta. Ila ya kwetu ilianzia mahali pengine kabisa.

Mnamo Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kwenye barabara ya Kapsabet, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Indiana waliwasha mfumo wa kompyuta wa kuweka rekodi za wagonjwa. Kilikuwa kituo cha kijijini, umeme wa kubahatisha, na wengi walidhani ni mchezo. Mwaka huo pia ulizaliwa mpango wa AMPATH, kwa sababu virusi vya Ukimwi vilikuwa vinamaliza watu na hakuna daftari ambalo lingeweza kuwafuata wagonjwa wote hao. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta walipokuja Eldoret na kuona mzigo ulivyokua, wazo la OpenMRS likaanza. Hiyo ni programu ya rekodi za wagonjwa ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure na kuibadilisha. Mwaka 2006 ilianza kufanya kazi Eldoret, na kutoka hapo ikaenea nchi nyingi. Watu wa Uasin Gishu na Nandi tunapenda kujivunia wanariadha. Hii nayo ni mbio tulizoongoza, ingawa hakuna aliyetupigia makofi barabarani.

Lakini kuna takwimu moja kutoka Mosoriot ambayo huwa nairudia. Watafiti walipima muda kabla na baada ya kompyuta kuingia. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22, habari njema kwa aliyetembea kutoka mbali. Muda wa mgonjwa kukaa na wahudumu ulipungua kwa asilimia 58. Kwa dawa za malaria hiyo ni nafuu. Kwa mtu aliyebeba woga ambao hajawahi kuutamka, dakika zile zilizookolewa ndizo dakika ambazo pengine angesema.

Unaona tofauti? Kompyuta ya Wisconsin ilikaa na mgonjwa. Kompyuta ya Mosoriot ilikaa na karani. Ile ilikuwa ya kuuliza, hii ilikuwa ya kukumbuka. Simlaumu mtu. Mwaka 2001 tulihitaji kukumbuka, watu walikuwa wanakufa. Lakini mazoea yalijengeka kwamba kompyuta ni ya mhudumu, na mgonjwa ni wa kusomewa.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 AMPATH iliwatuma washauri nyumba hadi nyumba katika tarafa za Kosirai na Turbo, upande huuhuu wetu, kupima virusi vya Ukimwi. Mkononi walibeba vikompyuta vidogo badala ya makaratasi. Ndiyo mara ya kwanza mashine kufika mlangoni na kuuliza. Na ilifika katika miaka ambayo woga ulikuwa umebadilika sura.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini ukawa kambi. Barabarani vijana waliweka mawe na magogo, wakasimamisha magari na kutaka vitambulisho, kwa sababu jina la mtu lilitosha kumjua kabila. Sasa chukua ile karatasi ya Marks na umuulize mtu wa hapa, mwezi huo. Kusafiri peke yako kwa basi: unakwepa kiasi gani, 0 hadi 8? Kwenda mbali na nyumbani? Mahali penye umati? Kila mwenye akili timamu angejipa 8 kila mahali. Kipimo kingesema tarafa nzima ina fobia, na kipimo kingekuwa kimekosea, kwa sababu woga ule haukuzidi hatari. Ulikuwa saizi yake kabisa.

Kisha miaka inapita. Barabara inafunguka, matatu zinajaa, majirani wanarudi kununua maziwa kwa kila mmoja. Lakini kuna mama ambaye bado hapandi gari peke yake. Kuna kijana aliyekuwa na miaka sita wakati ule, na leo akisikia kelele za watu wengi pamoja mikono inalowa jasho. Kila miaka mitano uchaguzi ukikaribia, wapo wanaofunga mizigo mapema. Je, huo ni ugonjwa au ni busara? Ni unyasi au ni nyoka? Mashine iliyotengenezwa London haiwezi kujua, kwa sababu haijui Januari 2008 ilikuwa nini. Hata daktari mgeni hajui. Anayeweza kutenganisha ni mtu mwenyewe, akipewa muda, akipewa faragha, na akipewa nafasi ya kusema kwamba swali hili, jinsi mlivyoliuliza, silielewi.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na wagonjwa 347 wa AMPATH kuona kama maswali tisa ya kupima huzuni iliyozidi, yanayotumiwa dunia nzima, yanafanya kazi huku magharibi mwa Kenya. Yalifanya kazi. Kuanzia mwaka 2018 mradi wa NeuroGAP uliwahoji watu katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kama ulivyofanya Kilifi, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ukitumia mashine kuandika majibu na kupima kumbukumbu na fikra. Hata hivyo kazi hizo zilitafuta huzuni na magonjwa mazito ya akili. Woga wa kimya, ule wa kukwepa daraja, haukuwa lengo lake.

Na kuhusu faragha, tuna somo la hapahapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda Kisumu na kompyuta zenye sauti. Kijana alivaa vidude vya masikioni, akasikia swali, akajibu mwenyewe bila mtu kujua. Maswali yalihusu mapenzi, jambo ambalo vijana hufichia wakubwa. Matokeo hayakuwa mteremko. Kwa maswali mengine mashine ilipata ukweli ambao mhoji hakupata, kwa mengine majibu hayakulingana na matarajio ya watafiti. Mashine si kiapo. Lakini ilithibitika kwamba hata kijana ambaye hakuwahi kugusa kompyuta anaweza kuachwa peke yake na swali na akalijibu.

Mnamo Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kuandikia. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Kwa hivyo simu ipo na haja ipo. Hatari ninayoiona ni hii: tukichukua orodha ya woga ya London, tuiingize kwa simu, tumpe jirani aisome kwa sauti mbele ya mume, wakwe na watoto, tutapata sifuri kila nyumba. Kisha mtu ataketi ofisini Nairobi, atazame zile sifuri, aandike kwamba watu wa huku hawana fobia. Atakuwa amerudia kosa la Carothers, safari hii kwa mashine.

Kurekebisha si jambo la kuagiza kutoka ng'ambo. Maswali yaandikwe na watu wanaojua nini kilitokea kwenye barabara ile, na yarekodiwe kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, ili asiyesoma naye asikie. Majibu yalindwe, maana sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data tayari inazitaja habari za afya kuwa nyeti. Baada ya majibu awepo binadamu wa kumwendea, la sivyo tunafungua kidonda bila bandeji. Na simu yenyewe ibadilishe mikono.

Kwa hivyo turudi kwa boma la Sugoi. Chai bado ina moto. Mhamasishaji anasoma yale ya choo na chanjo kama kawaida. Akifika kwa maswali ya woga, anampa mama simu na vidude vya masikioni, anamwonyesha vitufe vinne, halafu anatoka nje kutazama ndama. Mama anabaki peke yake. Swali la kwanza linamuuliza kama anaogopa kusafiri. Anafikiri. Kusafiri wapi? Lini? Mchana au usiku? Na nani? Anatafuta kwenye skrini kitufe kinachosema hivyo.